Laini ya Mzee Nguzo

Kila alasiri, jua lilipozunguka nyumba na kuingia kwa dirisha la nyuma, sebule yote iligeuka rangi ikawa kama chai iliyozidi maziwa, na hapo ndipo Mzee Nguzo alipopanda nguzo. Hakwenda popote. Alisimama tu katikati ya sebule, miguu ameitanua kidogo, mwili ameuegemeza nyuma kama mtu aliyefungwa mkanda kiunoni, macho ameyatupa mbali, kupita kabati la vyombo, kupita picha ya harusi ya binti yake, kupita ukuta wenyewe. Mkewe alipomwambia akae, hakusikia. Alipomshika mkono, aliukuta umekakamaa. Mtu akishapanda juu kiasi kile, maneno ya watu wa chini hayamfikii.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Haloo, hakuhitaji kuambiwa mumewe yuko wapi. Alikuwa juu ya nguzo ya simu, kwenye barabara moja ndefu isiyo na nyumba, miaka ile mume alipokuwa fundi wa laini na mke alipokuwa msichana wa kituo, ameketi mbele ya ubao wa kuunganishia simu, waya zimemwagika hadi mapajani. Wawili hao walijuana kwa sauti kabla ya kujuana kwa sura. Kazini kulikuwa na kanuni: fundi akishatengeneza laini, haruhusiwi kushuka mpaka apige simu kituoni kutoka kule kule juu na kituo kimjibu. "Kituo, unanisikia?" "Nakusikia, fundi. Shuka." Asipoambiwa shuka, hashuki, hata mvua imnyeshee, hata nyuki wamwandame. Kuna siku msichana wa kituo alimweka juu makusudi, akamuuliza kama ameshakula, kama ana dada, viatu vyake ni vya rangi gani, na fundi akajibu maswali yote huku mkanda unamkata kiuno. Ndoa ilianzia hapo. Ndiyo maana binti yao aliposema baba amechanganyikiwa, mama yake alimkatiza na kumwambia baba yako yuko kazini.

Kilichomshusha kilikuwa simu ya mezani. Mama Haloo aliligundua jambo hilo kwa bahati tu, siku aliyokuwa anataka kumpigia binti yake kulalamika. Aliinua mkonga wa simu, mumewe akanyoosha mkono, akauchukua kwa adabu kama mtu anayepokea kifaa chake kutoka kwa msaidizi, akauweka sikioni. Ndani ya mkonga kulikuwa na ule mlio wa laini, mmoja, mrefu, usiopanda wala kushuka, unaoambia mtu kwamba njia ipo na kwamba upande wa pili kuna uhai. Mzee Nguzo aliusikiliza kwa kitambo. Uso wake ulilegea, mabega yakashuka, akasema, "Laini hai." Kisha akakaa kwenye kiti chake, akamtazama mkewe, akamjua, akauliza mbona chai imechelewa.

Tangu siku ile alasiri zao zilikwenda hivyo. Alipanda, alisikiliza, alishuka, na jioni nzima iliyofuata ilikuwa mali ya mkewe. Aliuliza habari za wajukuu. Alilalamika kwamba chai ni nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Mara nyingine alimshika kidole kimoja, si mkono mzima, kidole kimoja tu, na wakakaa hivyo mpaka sebule ikaingia giza na mmoja wao akakumbuka taa. Mama Haloo hakumwomba Mungu zaidi ya hapo. Alikuwa ameshakula chumvi ya kutosha kujua kwamba jioni ya namna hiyo haigawiwi kwa kila mtu.

Mwenye kulipia mlio ule ilikuwa serikali. Zamani, waziri mmoja ambaye hata sura yake watu wameisahau alisema kwamba wazee walioitumikia nchi wasikae gizani wala wasikae kimya, basi ikaanzishwa ruzuku ya nyumbani kwa wastaafu waliozeeka sana: kiasi fulani cha umeme, na kodi ya simu ya mezani. Wazee wenyewe hawakuwa na habari nayo. Ilikuwa kama bomba la maji, unafungua yanatoka, huulizi nani kayaleta.

Habari ya kukatwa kwa ruzuku hiyo Mama Haloo aliisikia redioni, mchana, akiwa anakunja nguo. Mtangazaji aliisoma kwa sauti ile ile ya kusomea hali ya hewa. Umeme ungepunguzwa nusu. Simu ingeondolewa kabisa, kwa kuwa siku hizi kila mwananchi ana simu ya mkononi, na serikali ilikuwa imeamua kubana matumizi. Mama Haloo alilikunja shati la mumewe, akalikunjua, akalikunja tena. Kubana matumizi ni jambo zuri, na serikali hupenda kuanza kubana mahali ambapo hapatatoka kelele. Mzee wa umri ule akipiga kelele, watu hudhani anaota.

Mwanzoni hakutishika. Alimwambia binti yake, na binti, ambaye ni muuguzi wa zamu na hajui kulala saa wanazolala watu wengine, akasema mama usihangaike, simu nitailipia mimi. Basi Mama Haloo akavaa vizuri akaenda ofisi ya kampuni ya simu kuwaambia kwamba mlipaji amebadilika. Msichana wa dirishani alimsikiliza kwa heshima zote, akamwita bibi, akamvutia kiti. Kisha akamweleza kwamba pesa zao hawawezi kuzipokea. Laini zile za shaba katika mitaa ile hazikuwa na wateja wengine isipokuwa wastaafu, na kwa kuwa serikali imejitoa, kampuni nayo inafunga. Waya zitazimwa mwisho wa mwezi, na baadaye nguzo zing'olewe. Serikali ndiyo iliyokuwa mteja, bibi, alisema yule msichana, na akaonekana kuona haya kidogo kwa niaba ya watu asiowajua.

Akatoka hapo akaenda ofisi ya pensheni. Kulikuwa na foleni ya wazee wenzake, kila mmoja na mkoba wake, na wote walikuwa wamekuja kwa ajili ya umeme. Mmoja alisema sasa atakuwa anakwenda kulala na kuku, mwenzake akamjibu kuku wenyewe wanataka taa. Walicheka, wakajipangusa macho. Zamu ya Mama Haloo ilipofika, alimweleza afisa kila kitu bila kuficha: mumewe hupanda nguzo kila alasiri, na kinachomshusha ni mlio wa simu. Afisa alikuwa mtu mpole wa makamo mwenye mafua. Alipekua makaratasi, akakuna kichwa, akapekua tena.

"Mama yangu, hapa pana sehemu ya wagonjwa na pana sehemu ya wasiojiweza," alisema. "Sehemu ya mlio sina."

Binti hakukata tamaa. Alileta simu yake ya mkononi, akamwekea baba sikioni alasiri moja baba akiwa juu. Mzee Nguzo alisikiliza, akairudisha kwa upole, akasema hii imekufa, ileteni nyingine. Kwa kuwa simu ya mkononi haina mlio, ukiishika iko kimya kama kipande cha sabuni. Siku ya pili binti akaja amerekodi mlio wenyewe kutoka kwenye simu ya mezani, akaufungulia. Baba yake aliusikiliza kwa makini zaidi, hata akafumba macho, wakadhani wamefaulu. Alitikisa kichwa. "Huu hauna upepo," alisema, na akabaki juu mpaka mkewe alipomletea mkonga wa simu yenyewe. Mama Haloo alielewa. Kwenye laini ya kweli, nyuma ya ule mlio, kuna kitu kinachovuma taratibu, urefu wote wa waya, mashamba na mito na ndege waliotua juu yake, na sikio lililolishwa sauti hiyo maisha yote haliwezi kudanganywa.

Kwa hiyo akasubiri mwisho wa mwezi. Alikuwa akiinua mkonga hata asubuhi, pasipo sababu, kusikia kama bado upo. Usingizi wa mchana ulimletea ndoto za waya: alikuwa ameketi mbele ya ubao wake wa zamani, taa ndogo zinawaka kila mahali, kila taa mtu anayemwita, naye mikono yake haifiki. Aliamka na viganja vimefungwa. Ndani ya nyumba mzee alikuwa akikoroma taratibu, na nje mtu alikuwa akifagia, na ulimwengu wote ulikuwa unaendelea na shughuli zake.

Siku ilipofika, asubuhi mlio ulikuwepo, alasiri haukuwepo. Mzee Nguzo aliuchukua mkonga kama kawaida, akauweka sikioni, akasubiri. Akautikisa. Akauhamishia sikio la pili. Mama Haloo alisimama pembeni ameshika tama, akitazama uso wa mumewe ukikosa pa kulegea. Hakukaa. Alisimama mpaka miguu ikaanza kumtetemeka, na aliposukumiwa kiti nyuma ya magoti, alikilalia kwa mgongo tu, ametanua miguu, macho mbali. Jioni ile hakumjua mtu. Alimwita mkewe "dada" na kumwomba kwa adabu asimsumbue, ana kazi.

Siku zilizofuata akaanza kutafuta hitilafu. Hiyo nayo ni kazi ya fundi: laini ikifa, fuata waya. Aliufuata kutoka kwenye simu hadi ukutani, kutoka ukutani hadi dirishani, na alasiri moja, mkewe akiwa msalani, akaufuata hadi barabarani. Mkewe alimkuta kwenye kona, kwenye nguzo ya simu mbele ya duka la mboga. Alikuwa ameukumbatia ule mti, amevua mkanda wa suruali na kuuzungusha kwenye nguzo, mguu mmoja umeshapata kipandio cha chuma na wa pili unakitafuta. Muuza mboga alikuwa amemshika kisigino, anamsihi, mzee wangu, mzee wangu. Watu walikuwa wamesimama. Wengine walicheka kile kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. Suruali ilikuwa imeanza kuteremka. Mama Haloo alivua mtandio wake akamfunga kiunoni, na ilichukua muda mrefu na watu kadhaa kumbandua pale, kwa kuwa alikuwa bado na nguvu za mikono na alikuwa amekasirika kweli kweli.

Usiku ule binti alikuja akiwa bado na sare ya kazi. Hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Alisema karibu na hospitali yake kuna nyumba ya wazee, safi, yenye uzio na watu wa kuwaangalia, na nafasi moja imepatikana, inabidi ajibu kabla ya wiki kwisha.

"Mama, akianguka je?" aliuliza.

Mama Haloo alisema tu kwamba huko hawatajua kuwa yuko kazini. Binti akamwinamia, akamlazia kichwa begani kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Kesho yake alipitiwa na usingizi akiwa amekaa kitini, mchana kweupe, na ndoto ya ubao ikamjia tena. Safari hii taa moja tu ilikuwa inawaka. Aliuchomeka waya, akafungua mdomo kujibu, na sauti iliyotoka ilikuwa yake, ya siku zile, nyembamba na yenye madaha. Aliamka nayo masikioni. Alikaa akiitazama simu iliyokufa juu ya kitambaa chake cha kufuma, kisha akamtuma mtoto wa jirani akamwite fundi Koleo.

Fundi Koleo alikuwa mwenzake Mzee Nguzo wa miaka yote, mfupi, mwenye kicheko na pumu, na mkoba wake wa vifaa alikuwa bado anautembeza hata akienda msibani. Mama Haloo alimweleza. Koleo alimsikiliza, akamtazama rafiki yake aliyekuwa amelala na mdomo wazi, akapenga kamasi kwa kishindo. Alisema porini walikuwa wakifanya hivi: simu mbili, waya katikati, betri za tochi, na mafundi wawili wanaongea toka nguzo hadi nguzo bila kituo wala kampuni. Simu ya pili anayo nyumbani, mkewe anaitumia kuzuia mlango.

"Ila mlio siwezi kukutengenezea, shemeji," alisema. "Nitakachokupa ni njia ya sauti tu."

"Sauti ya nani?"

Koleo alimshangaa. "Kwani wewe ulikuwa unafanya kazi gani?"

Kesho yake alikuja na simu ile, akafanya kazi tangu asubuhi, akipumua kwa filimbi, akiupitisha waya nyuma ya kabati, juu ya mlango, hadi chumbani, mpaka kando ya kitanda. Alikataa malipo, alikubali chai, akaondoka kabla ya alasiri kwa kuwa, alisema, hawezi kutazama.

Jua likazunguka. Sebule ikajaa rangi yake. Mzee Nguzo alisimama, akaitanua miguu, akaegemea mkanda usioonekana. Binti alikuwa amekuja pia. Alisimama jikoni, bega kwenye fremu ya mlango, amekwisha kuandaa maneno ya kumfariji mama yake. Mama Haloo alimpa mumewe mkonga, akamfungia vidole juu yake, kisha akaenda chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani. Alikumbuka kwamba ana meno ya bandia, na kwamba msichana wa kituo hakuwa nayo. Akauinua mkonga wake.

"Kituo," alisema.

Akasikia pumzi. Nyuma ya pumzi akasikia saa ya sebule, ambayo ilikuwa inakuja kwake kutoka mbali sana, ng'ambo ya mabonde. Kisha sauti ya mwanaume kijana ikasema, bila kutetemeka hata kidogo:

"Kituo, unanisikia?"

Hakuweza kumwambia shuka mara moja. Mungu amsamehe, alimweka juu. Alimuuliza anaona nini kutoka hapo alipo, na yeye akamwambia. Aliona barabara yote, nyeupe, imenyooka mpaka inapotea. Aliona kivuli cha nguzo kimelala shambani na kivuli chake mwenyewe juu yake, kidogo, kimenata kama kupe. Mtu anapita na baiskeli lakini haionekani kama anasonga. Mawingu yanatembea chini yake. Waya zinaimba, alisema, leo zinaimba vizuri, hebu sikiliza, na inaonekana aliuinua mkonga juu hewani, kwa sababu Mama Haloo alisikia, naapa alisikia, mvumo wa taratibu usio wa nyumba ile. Alifumba macho. Alikuwa na miaka ishirini na waya mapajani, na hakuna aliyekuwa amekufa.

"Nakusikia, fundi," alisema mwishowe. "Shuka."

Aliposikia kiti kimelia kwa uzito wa mtu, ndipo alipotoka. Binti alikuwa bado mlangoni mwa jikoni, uso umelowa. Hakusema lolote la nyumba ya wazee. Siku ya pili alitazama tena, na ya tatu, na wiki ilipokwisha aliwapigia simu wale watu akawaambia nafasi ile wampe mwingine.

Kwa hiyo mzee alibaki nyumbani, na hapo hadithi ingeweza kutulia, ila Mama Haloo hakutulia. Mlio ulikuwa ukimshusha mzee kwa mkewe. Sauti ilimshusha, lakini sehemu yake ilibaki kule juu na yule msichana. Alipotoka chumbani alimkuta amekaa kwa amani, mikono magotini, naye alimtazama kwa macho mazuri na kusema asante mama, kama mgeni aliyepokewa vizuri. Hakuuliza tena wajukuu. Chai aliinywa bila kulalamika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kidole hakushika. Halafu akaanza kudai shati safi mchana, na kuchana nywele zake chache kwa maji kabla jua halijazunguka.

Mama Haloo aliona wivu. Wivu wa kweli, wa kifua kuwaka, akiwa bibi wa wajukuu. Yule msichana alipata mazungumzo yote, mawingu na baiskeli na kicheko cha chini chini, na yeye akapata kufua mashati. Yule msichana hakuwahi kumwogesha. Hakuwahi kumtafutia meno yake chini ya kitanda. Alijiambia kwamba wewe mwanamke una wazimu, msichana ni wewe, na jibu likamjia kwamba sivyo, si mimi, angekuwa mimi angenitazama hivyo ninapoingia na chai. Kuna siku aliuchukua mkasi akasimama mbele ya waya pale unapopita juu ya mlango. Aliurudisha mkasi mahali pake kwa ajili ya ile nguzo ya kona, iliyokuwa bado haijang'olewa na ambayo mumewe angeirudia.

Badala yake akaamua kumuuliza. Lolote litakalotoka, alijisemea, nitakuwa nimelisikia mwenyewe. Alasiri hiyo kulikuwa na wingu, mwanga wa sebule ulikuwa hafifu, na mumewe alichelewa kidogo kupanda. Walizungumza habari za upepo. Kisha akapiga moyo konde.

"Fundi, ukishuka hapo unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kuna nani?"

Mama Haloo alidhani betri zimekwisha. Aliubana mkonga mpaka sikio likamuuma.

"Nisikilize, kituo," alisema yule mwanaume, na sauti yake sasa haikuwa ya kijana. Ilikuwa nzito, imechoka, ilikuwa sauti ya mtu wa sebuleni. "Wewe una majina ya watu wote hapo kwako, si ndiyo?"

"Ninayo mengi."

"Nyumbani kuna mama mmoja. Ni mke wangu. Najua ni mke wangu kwa jinsi anavyonifunga vifungo, anaanzia chini. Lakini jina lake limenitoka. Nimelitafuta kila mahali." Akapumua. "Nikishuka tu ataniletea chai, na mimi sina la kumwita. Namwita mama, namwita dada, naona anaumia. Nitafutie jina lake, kituo. Ila usimwambie kama nimekuuliza."

Machozi yalimtoka Mama Haloo bila kwikwi yoyote, yakamteremka hadi kwenye mkonga. Kituoni walifundishwa kwamba mteja akiuliza jina la mtu, unamtajia taratibu, mara mbili, kisha unamsubiri alirudie ili ujue limefika. Basi akamtajia. Akalitaja la kwake mwenyewe, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo mtaa haukulijua, na ambalo binti yake alilikuta kwenye makaratasi tu. Akalitaja mara ya pili. Akamsikia akilirudia polepole, silabi kwa silabi, kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba na mzigo mkononi.

"Nimelipata," alisema. "Asante sana."

"Shuka, fundi."

Aliosha uso. Alichemsha chai, akaizidisha majani, akaimimina, ikamwagikia kidogo kwenye kisahani. Alisukuma mlango wa sebule kwa nyonga. Mzee Nguzo alikuwa hajakaa. Alikuwa amesimama kando ya kiti chake, ameshikilia mgongo wa kiti, nywele zimechanwa, midomo yake inacheza pasipo sauti, analishikilia lisimtoroke. Alipomwona alinyooka. Alimtazama usoni, akamwita kwa jina lake.

"Abee," akaitika mkewe.